Adui Mdogo wa Matunda Yetu

Pengine mmoja wenu amechuma chungwa zuri kwa macho, akalipasua, akaona ndani limeoza na kiwavi amelala humo. Hapo mtu huuchukia mti wake, hata hushika shoka aukate. Twawasihi msifanye haraka. Kosa si la mti.

Mwenye kosa ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu na hudhurungi, ambaye wataalamu humwita Thaumatotibia leucotreta. Ni mwenyeji wa Afrika yetu, kusini ya Sahara. Mchana hujificha, usiku jike hutaga mayai juu ya maganda ya matunda. Kiwavi akianguliwa hutoboa ganda, akaingia, akala. Kwanza huwa mweupe, akikua huwa mwekundu kidogo. Akiisha kushiba hutoka, akashuka mchangani, akajifunga humo hata atoke nondo mwingine. Machungwa, mapera, mafyulisi, pilipili, hata mahindi, vyote ni chakula chake.

Msimchanganye na funza wa nzi. Funza hana miguu wala kichwa kionekanacho, nao huwa wengi. Kiwavi huyu ana vyote viwili, na katika chungwa mara nyingi huwa peke yake.

Hasara yake si ndogo. Tundu lake laingiza uozo, na tunda huanguka kabla ya wakati. Tena tangu mwaka 2018 Umoja wa Ulaya umeweka masharti makali juu ya machungwa na pilipili zitokazo Afrika, kwa ajili ya nondo huyu.

Je, tufanye nini? Dawa ya kunyunyiza haimfikii kiwavi aliyekwisha kuingia ndani. Basi kila juma okoteni matunda yote yaliyoanguka, na yale yenye tundu yaliyo bado mtini, mkayafukie katika shimo la sentimita 50. Sisi wa Ufipa twajua kufukia majani katika ntumba ili yaoze yarutubishe shamba. Lakini tunda lenye kiwavi lisifukiwe juu juu hivyo, wala lisitupwe jaani, maana nondo atatoka.

Wapeni watoto vikapu, mkawaambie na majirani, kwani nondo hajui mpaka wa shamba. Kazi hii ni ya nusu saa tu. Lakini asiyeziba ufa hujenga ukuta.