Aliyewahi RB hajashinda kesi

"Kaniwahi RB, wakili. Sasa nafanyaje?"

Swali hili huulizwa Mbagala, huulizwa Tandale, huulizwa Bunju na Chamazi, na muulizaji huwa ameshakata tamaa kabla hajajibiwa. Ugomvi wenyewe unaweza kuwa wa ukuta uliosogezwa hatua mbili, wa pesa za kikoba, au wa mpangaji aliyegoma kuhama. Lakini yeye hazungumzii ukuta wala pesa. Anachosimulia ni kwamba jirani alifika kituo cha polisi asubuhi, yeye akafika mchana. Basi jirani ndiye mlalamikaji, yeye ni mlalamikiwa, na mlalamikaji, kwa imani ya mtaani, ana nusu ya kesi mkononi.

Hana hata robo. Imani hii inawapotezea watu viwanja, akiba na usingizi, na imevumiliwa mno.

RB ni namba ya kumbukumbu tu, inayotokana na kitabu cha taarifa kilichopo kaunta. Inaonyesha kuwa siku fulani mtu fulani alieleza jambo fulani. Askari aliyeiandika hakuusikiliza upande wa pili, hakukagua mipaka, hakusoma hati ya mauziano. Anayeikunja na kuitia mfukoni, kisha akaipitisha kwa majirani kama hukumu, anawaonyesha kwamba alikwenda kituoni akazungumza, na hakuna zaidi ya hapo.

Tuseme jambo ni la jinai na limefika mahakamani. Jalada litasomeka Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Aliyekimbilia kituoni sasa ni shahidi, mara nyingi wa kwanza kuapishwa, na shahidi hueleza kisha huhojiwa. Hapo ndipo mbio za asubuhi zinapoweza kumponza: maelezo aliyoyatoa polisi kwa hasira yanaweza kulinganishwa na anayoyatoa mbele ya hakimu, na kila tofauti ikaulizwa. Mzigo wa kuthibitisha kosa pasipo shaka ya msingi umebebwa na Jamhuri. Mshtakiwa, kwa Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba, hatendewi kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa anayo hatia.

Katika madai kipimo ni kingine, ila aliyetangulia hapati nafuu huko pia. Sheria ya Ushahidi inamtaka anayedai haki athibitishe mambo anayoyategemea, kwa hiyo kutangulia kudai ni kutangulia kubeba kazi. Katika shauri la 1984 ambalo mawakili hulitaja hadi leo, Mahakama Kuu ilieleza kuwa wadaawa hawatoki sare: anashinda yule ambaye ushahidi wake ni mzito kuliko wa mwenzake. Saa ya kufika kaunta haimo katika mizani hiyo.

Kwenye viwanja ndiko imani hii inakoumiza zaidi. Huko pembezoni, ambako nyumba zilitangulia na upimaji ukafuata au haujafika kabisa, mpaka hushikiliwa na mnazi, na minyaa, na kumbukumbu za wazee waliouza. Majirani wakikosana, mmoja hukimbia kumshtaki mwenzake kwa kuingia kwa jinai, akitumaini kwamba siku mbili za mahabusu zitamlainisha. Mahakama Kuu ilishalijibu jambo hili, na uamuzi wake umo katika ripoti za sheria za Tanzania za 1992: shtaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama ikiwa umiliki wa ardhi yenyewe unabishaniwa na haujaamuliwa katika shauri la madai. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na bado watu wanapanda bodaboda kukimbizana kituoni.

Mkimbiaji ajue pia anachokihatarisha. Kumpa askari taarifa za uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Aliyeshtakiwa bure naye anaweza kudai fidia akithibitisha mambo ambayo mahakama iliyaorodhesha katika uamuzi wa 1983: kwamba alishtakiwa, shauri likaisha kwa upande wake, hapakuwa na sababu ya maana, palikuwa na nia mbaya, naye akapata madhara. Hapo mlalamikaji wa jana anaitwa mdaiwa.

Mdaiwa nalo linatisha watu bure. Ni mtu aliyefunguliwa madai, basi. Huenda hadaiwi hata senti, na anaweza kujibu kwa madai kinzani akamdai aliyemdai. Deni tupu halimgeuzi mtu kuwa mshtakiwa, na polisi hawapo kwa ajili ya kukusanya madeni. Mtuhumiwa ni anayeshukiwa. Huwa mshtakiwa anaposhtakiwa mahakamani. Na mjumbe aliyesaini mauziano ya kiwanja ni shahidi wa mauziano hayo, hivyo kumwomba yeye huyo awe mwamuzi ni kuuharibu ushahidi mzuri.

Ya kufanya, kwa haraka. Ukiitwa polisi, nenda. Unaruhusiwa kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na dhamana ya polisi hailipiwi. Mgogoro wa ardhi uanzie Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa linatoa hati, na siku 30 zikipita bila suluhu unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya bila hati hiyo. Aliyeachishwa kazi isivyo halali aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ndoa ikivunjika, baraza la usuluhishi la ndoa kwanza, kisha mahakama. Temeke kuna Kituo Jumuishi kinachoshughulikia ndoa na mirathi kuanzia ngazi ya mwanzo hadi Mahakama Kuu. Ukipokea hati ya madai ya mahakama ya wilaya, andika utetezi ndani ya siku 21. Usiye na uwezo, tafuta watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017.

Ukishindwa Mahakama ya Mwanzo, rufaa ni siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya. Ukishindwa Baraza la Ardhi na Nyumba, ni siku 45 kwenda Mahakama Kuu. Mdaiwa aliyekata rufaa huitwa mrufani, jina lake likaandikwa juu, na jirani aliyewahi RB akawa mjibu rufaa.