Mwili unauma kote, vipimo havioni kitu: Je, akupancha itakufaa?

UNAAMKA asubuhi ukiwa umechoka kana kwamba usiku kucha ulikuwa ukibeba mawe. Shingo inauma, mgongo unauma, mikono nayo haijasazwa. Darasani unasoma ukurasa mmoja mara tatu na hakuna kinachoingia. Unaenda hospitali, unatolewa damu, unapigwa eksirei, kisha unaambiwa uko sawa. Nyumbani wanaanza kunong'ona kwamba wewe ni mvivu tu.

Kama hali hii imekuandama kwa miezi mitatu au zaidi, usikubali kuitwa muongo. Huenda una faibromayaljia. Katika ugonjwa huu, ubongo na neva hupokea maumivu kama redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Mguso mdogo tu unakuwa uchungu. Misuli na mifupa haijaharibika, ndiyo maana eksirei haioni kitu. Si wewe peke yako: mwaka 2017 mwanamuziki wa Marekani Lady Gaga alifichua kwamba anaugua maradhi haya, akaahirisha ziara yake ya Ulaya kwa sababu ya maumivu.

Sasa, ukishachoshwa na tembe, hutakosa rafiki wa kukuambia, "Si ujaribu zile sindano za Wachina?" Anamaanisha akupancha. Mtaalamu hukudunga sindano nyembamba mno, zisizo na dawa ndani, katika sehemu maalumu za mwili, nawe unalala nazo kwa dakika 20 au 30 hivi. Wachina wa kale walisema zinafungua njia za nguvu ya mwili iitwayo chi. Maelezo ya kisayansi ni kwamba zinaamsha neva, na mwili unatoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu.

Je, zinasaidia kweli? Jibu fupi: kiasi, tena kwa muda.

Mwaka 2013 shirika la Cochrane, ambalo huchambua tafiti za matibabu, lilipitia tafiti 9 zilizohusu wagonjwa 395 wa faibromayaljia. Waliodungwa walipata nafuu ya maumivu na kukakamaa kuliko ambao hawakupewa tiba hiyo. Nafuu ilidumu hadi mwezi mmoja hivi, lakini kufikia miezi sita ilikuwa imeyeyuka.

Kuna jambo jingine. Baadhi ya wagonjwa walidungwa sindano za kuigiza bila kujua, na maumivu yao yakapungua karibu sawa na ya wenzao. Pengine sehemu ya nafuu inatokana na kulala kwa utulivu, kusikilizwa na kuwa na matumaini. Nafuu ni nafuu, hakuna anayebisha. Lakini usiuze simu wala kula karo ukiamini utapona kabisa. Anayekuahidi hivyo anawinda mfuko wako.

Ukiamua kujaribu, anza na daktari. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na baridi yabisi huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi, na sindano hazitatibu hayo. Ukifika kliniki, uliza mtaalamu alisomea wapi na kama ana leseni. Hakikisha sindano zinafunguliwa mbele yako kutoka pakiti mpya na kutupwa baada ya kutumika. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una mimba, sema mapema. Kutoka damu kidogo au kuvilia ni kawaida. Kushindwa kupumua baada ya kudungwa kifuani si kawaida, kimbia hospitali.

Halafu kuna tiba isiyohitaji doo. Mwaka 2017 wataalamu wa EULAR, muungano wa Ulaya unaoshughulikia maradhi ya viungo, walipitia tiba nyingi za faibromayaljia. Akupancha waliipendekeza kwa tahadhari. Iliyopendekezwa kwa nguvu ni moja tu: mazoezi.

Usianze kwa fujo lakini. Tembea dakika 10 leo, na wiki ijayo uongeze mbili au tatu. Siku za kwanza mwili utalalamika, si mchezo. Endelea polepole, lala saa zile zile kila usiku, na umtafute mtu mmoja nyumbani umweleze ugonjwa huu unaitwaje. Akishajua una maumivu ya kweli, atakuwa wa kwanza kukutetea wengine wakikuita mvivu.