Historia ya Dunia ya Karne ya 20: Mwanafunzi wa Sekondari Anaweza Kuanzia Kariakoo

Kwa muda mrefu, mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayejiandaa kwa mtihani wa somo la Historia amekuwa akikutana na mada tatu zinazofuatana: Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mdodoro Mkuu wa Uchumi ulioanza mwaka 1929, na Vita Kuu ya Pili. Wengi huzikariri kama orodha ya sababu na athari. Sarajevo na Versailles huandikwa bila kosa kwenye karatasi ya majibu, kisha husahaulika mara mtihani unapokwisha.

Mitaala iliyoboreshwa inasisitiza umahiri badala ya kukariri, na katika mada hizi umahiri huo una mahali pa kuanzia. Mengi ya matukio hayo yalipita katika ardhi ya Tanzania.

Mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni, 1914. Kufikia tarehe 8 Agosti mwaka huohuo, meli ya kivita ya Uingereza ilikuwa imekwishaipiga Dar es Salaam kwa mizinga. Mwezi Novemba, kikosi cha Waingereza cha askari wapatao 8,000 waliotoka India kilishindwa Tanga na jeshi la Wajerumani lililokuwa dogo mara kadhaa, na ambalo wengi wa wapiganaji wake walikuwa askari Waafrika. Vita vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba, 1918, lakini Jenerali Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia.

Maeneo mengi ya mapigano hayakuwa na reli, na mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo. Chakula na risasi vilibebwa na binadamu. Upande wa Uingereza pekee uliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, wengi wao kwa kulazimishwa, na wasiopungua 95,000 walifariki, hasa kwa maradhi na lishe duni. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi hicho cha wapagazi, kilichokuwa na kambi mahali hapo. Mwezi Aprili 2021, tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba waliofariki wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Anayenunua vitenge Kariakoo leo yumkini ni kitukuu cha mmoja wao, bila kujua.

Mada ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi darasani. Kwa mkataba huo Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake. Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza, Rwanda na Burundi chini ya Ubelgiji, na pembe ndogo ya Kionga, kusini mwa Mto Ruvuma, ikapewa Ureno. Hata hivyo, Tanganyika haikukabidhiwa kama koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, na Uingereza ililazimika kutoa taarifa zake kwa Shirikisho la Mataifa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, jukumu hilo lilihamia Umoja wa Mataifa, ambao ulianza kutuma wajumbe wake kuikagua nchi. Kwa msingi huo wa kisheria, Mwalimu Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini jijini New York mwezi Machi 1955 na kudai kwamba nchi yake iandaliwe kujitawala. Kenya, iliyokuwa koloni, haikuwa na mlango wa aina hiyo. Mwanafunzi anayeweza kueleza mnyororo huu, kutoka mwaka 1919 hadi 1955, ameielewa mada kuliko aliyekariri vifungu vyote vya mkataba.

Mdodoro wa Uchumi nao ulifika kupitia mkonge: bei iliporomoka, na mishahara ya vibarua ikapunguzwa. Mwaka 1942 mambo yaligeuka. Japani iliteka Ufilipino na visiwa vilivyo leo Indonesia, na mkonge wa Tanganyika ukawa bidhaa ya lazima kwa mataifa yaliyopigana nayo. Katika kipindi hichohicho, maelfu ya wakimbizi kutoka Poland walipokelewa Tengeru, Arusha, ambako makaburi yao yanatunzwa hadi sasa.

Lipo pia suala la lugha. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili, ilhali historia ya dunia katika sekondari husomwa kwa Kiingereza. Mzazi asiyejua lugha hiyo hujiona hana la kuchangia, ingawa huenda ndiye anayekumbuka simulizi za babu aliyepelekwa Burma na jeshi la Mfalme wa Uingereza.

Kwa shule zinazopanga ziara za masomo, Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 ipo katikati ya jiji la Dar es Salaam, na makaburi ya vita yapo Dar es Salaam, Tanga na Moshi. Kwenye makaburi hayo, mwanafunzi anaweza kupewa kazi moja: kuhesabu majina ya wapagazi atakayoyakuta.