Upimaji wa Makatizo ya Maunzi katika Kuongeza Kiendeshi cha Chipu Mpya: Funzo kwa Uundaji wa Vifaa vya Kielektroniki Nchini Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kupima makatizo ya maunzi pindi kiendeshi cha chipu mpya kinapoongezwa katika mfumo wa uendeshaji wa Linux. Kwa kutumia mfano wa chipu ya saa aina ya DS3231, makala yanabainisha kwamba kufika kwa katizo moja katika maabara si ushahidi wa kutosha. Ushahidi ni idadi ya makatizo inayolingana na idadi ya matukio, pamoja na ukimya pale ambapo hakuna tukio. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa wanaotunga masharti ya ununuzi wa vifaa vya umma.

1.0 Utangulizi

Mnamo Oktoba 2019 kiwanda cha simu za Mara kilizinduliwa jijini Kigali. Katika jiji hilohilo, Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri kinachofundisha intaneti ya vitu, ikiwamo mifumo ya kompyuta inayopachikwa ndani ya vifaa. Hatua hizi zinaashiria kwamba Rwanda haikusudii kubaki mnunuzi tu wa vifaa vilivyokamilika. Hata hivyo, anayeunda kifaa hukabiliwa na jambo ambalo mnunuzi halioni: chipu moja inapobadilishwa na nyingine, programu inayoiongoza, yaani kiendeshi, nayo hubadilika. Sehemu ya kiendeshi inayoongoza kwa kuficha kasoro ni ile inayoshughulikia makatizo.

2.0 Katizo ni nini?

Kichakataji kina njia mbili za kujua kwamba chipu ina habari mpya. Njia ya kwanza ni kuiuliza mara kwa mara, jambo linalopoteza muda na umeme. Njia ya pili ni kuiachia chipu yenyewe ipige hodi: hubadilisha volti katika pini maalumu, kichakataji husitisha kazi yake kwa muda, hutekeleza kipande kifupi cha programu, kisha hurejea kilipoishia. Hodi hiyo ndiyo katizo.

Hodi hii husikilizwa kwa namna mbili. Kichakataji kinaweza kuagizwa kiitikie badiliko la volti, yaani kule kushuka au kupanda kwenyewe. Ama kiitikie hali ya volti, yaani muda wote pini inapokuwa chini au juu. Kiendeshi kikichagua namna isiyoafikiana na tabia ya chipu, kifaa kinaweza kufanya kazi vizuri kwa dakika kumi za maonyesho na kushindwa baada ya siku tatu.

3.0 Mfano wa DS3231

DS3231 ni chipu ya saa inayotumika katika vifaa vinavyohitaji kujua wakati hata pasipo mtandao, kama vile virekodi vya halijoto. Kifaa cha namna hiyo hulala ili kutunza betri, na chipu hukiamsha kwa kengele. Kengele inapolia, chipu huvuta pini yake ya katizo hadi chini na kuweka alama katika rejista yake ya hali. Pini hubaki chini mpaka programu ifute alama hiyo. Aidha, pini hii haiwezi kujipandisha yenyewe. Huhitaji rezista inayoiunganisha na chanzo cha umeme. Rezista hiyo isipokuwapo, volti ya waya huyumba na makatizo ya uongo hujitokeza.

Tuseme kiendeshi kimesahau kufuta alama. Ikiwa kichakataji kinasikiliza kushuka kwa volti, katizo la kwanza litafika, kisha ukimya wa kudumu, kwa sababu volti haipandi tena ili ipate kushuka. Ikiwa kinasikiliza hali ya volti, katizo litarudi papo hapo bila kikomo, na kichakataji hakitapata nafasi ya kufanya kazi nyingine. Linux ina kinga dhidi ya mafuriko haya: makatizo 99,900 kati ya 100,000 yasiposhughulikiwa na kiendeshi chochote, waya huo hufungwa. Lakini kinga hiyo hutegemea ukweli wa kiendeshi. Kikidai kuwa kimelishughulikia katizo ilhali hakikufuta alama, mafuriko huendelea na betri huisha.

4.0 Hatua za upimaji

Hatua ya kwanza ni kupima ukimya. Kengele zikiwa zimezimwa, hesabu ya makatizo ambayo Linux huionyesha katika faili ya /proc/interrupts haipaswi kuongezeka hata kwa moja. Ikiongezeka, kasoro itafutwe katika waya na rezista kabla ya kugusa programu.

Hatua ya pili ni kulinganisha hesabu. DS3231 inaweza kuagizwa itoe kengele kila sekunde. Kwa hiyo dakika 10 zinapaswa kuleta makatizo 600, na siku nzima 86,400. Kati ya nyuzijoto 0 na 40 za Selsiasi, saa hii haikosei zaidi ya sehemu 2 katika milioni, yaani chini ya sekunde moja kwa siku. Pengo la makatizo kadhaa, basi, haliwezi kusingiziwa saa.

Hatua ya tatu ni kurudia hesabu hiyo wakati kichakataji kimelemewa na kazi nyingine. Kufuta alama huhitaji mawasiliano ya polepole kati ya kichakataji na chipu. Katika muda huo waya unapaswa kuzuiwa hadi kazi ikamilike.

Hatua ya nne ni kuwasha kifaa huku kengele ikiwa imekwisha kulia. Kiendeshi kinachosubiri kushuka kwa volti hukuta volti iko chini tayari, nacho hakitaamka kamwe, isipokuwa kama kimeandikwa kukagua alama mara kinapoanza.

Hatua ya tano ni kukiondoa kiendeshi na kukirudisha mara nyingi kengele zikiendelea, na kukilaza na kukiamsha kifaa. Iwapo waya mmoja unatumiwa na chipu mbili, Linux inaweza kuandaliwa itoe katizo la makusudi kiendeshi kinapoondolewa, ili ionekane kama bado kinagusa kumbukumbu ambayo si yake tena.

5.0 Mapendekezo ya kisera

Kirekodi cha halijoto katika jokofu la chanjo kisipoamka hakitoi onyo. Huacha pengo katika kumbukumbu, na mhudumu wa kituo cha afya hubaki bila njia ya kujua kama chanjo zilipata joto. Vipimo vya usalama wa umeme na vya mawimbi ya redio haviwezi kuibua kasoro ya namna hii.

Tunapendekeza mambo matatu yaingizwe katika zabuni za umma. Kwanza, mzabuni awasilishe jedwali la matukio na makatizo kwa kila chipu inayotumia katizo, katika hali ya utulivu na ya mzigo. Pili, msimbo wa viendeshi ukabidhiwe. Leseni ya kiini cha Linux, GPL toleo la 2, tayari inamtaka anayesambaza programu hiyo atoe msimbo wake. Tatu, vipimo virudiwe kila chipu inapobadilishwa, hata kama mzabuni anaiita mpya na ya zamani kuwa ni sawa.

6.0 Hitimisho

Vipimo hivi havihitaji maabara ya gharama kubwa. Vingi hufanyika kwa kompyuta moja, chombo cha kupimia volti na muda wa siku chache, na vinaweza kufundishwa katika vyuo vya ukanda huu. Kinachohitajika ni kwamba anayepokea kifaa asiulize tu iwapo kinafanya kazi, bali aombe kuona hesabu.