Usinunue Mwaka, Nunua Bodi

Swali hunijia kila wiki, na siku hizi huja na picha mbili za simu. Ya kwanza ni kayaki ya pedali aina ya Hobie Outback ya 2014 au 2015, bei ya kuvutia, na chini yake ufa wa urefu wa kidole. Ya pili ni Outback ya 2019 au ya baadaye, bei mara mbili. Kisha maandishi: "Fundi, nikichukua hii ya zamani nikaziba huo ufa kwa gundi, si nitakuwa nimeokoa pesa?" Anayeuliza huenda yuko hapa Maskati, huenda yuko Houston au Toronto, na mmoja wao alikuwa tayari anatafuta nafasi kwenye kontena la kwenda Mombasa.

Hapana, hutakuwa umeokoa. Nimelijibu swali hili kwa simu, kwa ujumbe na uso kwa uso, na bado watu wananiletea kayaki zilizopakwa gundi. Kwa hiyo naliandika.

Niumalize mwaka kwanza, maana hautaki maneno mengi. Kayaki ya kuvulia ya pedali ni vitu viwili, bodi na mashine. Kwa Hobie, kampuni ya Oceanside, California, mashine inaitwa MirageDrive, na ipo tangu 1997: unakanyaga kwa zamu, na mapezi mawili chini ya bodi yanapepea kushoto na kulia. Tangu hapo mabadiliko yanayomhusu mnunuzi wa mtumba ni machache. Toleo la 2017 lilileta MirageDrive 180, ambayo ina kamba mbili za kuvuta ili mapezi yageuke na kayaki irudi nyuma. Toleo la 2019 likaja na mapezi yanayojikunja yakigonga mwamba, na mwaka huo huo bodi ya Outback ikachorwa upya, ikarefuka kutoka takriban mita 3.7 hadi 3.9. Toleo la 2020 likaipa kayaki nyingine ya Hobie, Pro Angler 14, mashine ya 360, inayokupeleka upande wowote, hata ubavuni. Mengine ni viti, rangi na mahali pa kuchomeka fimbo.

Ukiiacha 360, ambayo inataka tundu lake maalumu, sehemu kubwa ya maendeleo hayo imo kwenye mashine, na mashine inachomolewa kwa mikono miwili. MirageDrive 180 inaingia kwenye kayaki nyingi zilizotangulia kutengenezwa. Mapezi yanabadilishwa, nyaya zinabadilishwa, minyororo inabadilishwa. Bodi haibadilishwi. Anayeuliza mwaka kabla ya kuuliza bodi ameanza na kile kinachorekebishika na kuacha kisichorekebishika.

Na hata huo mwaka wenyewe watu hawausomi, wanamwamini muuzaji. Kayaki iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ina namba ya herufi na tarakimu 12 upande wa kulia wa tezi. Tatu za kwanza ni za mtengenezaji, tano zinazofuata ni za chombo chenyewe, na nne za mwisho ndizo za kusomwa. Herufi ni mwezi, kuanzia A ya Januari hadi L ya Desemba. Tarakimu inayoifuata ni ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa. Mbili za mwisho ni mwaka wa toleo. Ukikuta H819, hiyo imetengenezwa Agosti 2018 na kuuzwa kama toleo la 2019. Lakini namba haikuambii kama kayaki hiyo ililala miaka yote ndani ya banda au juu ya paa la nyumba mjini Sur, huku Oman. Tofauti ya banda na paa ni kubwa kuliko tofauti ya 2015 na 2019.

Sasa gundi.

Watu wa pwani, ya huku na ya kwetu, wamekulia kwenye faiba. Boti ya faiba ikipasuka fundi anapiga msasa, analaza kitambaa, anapaka rezini, na siku mbili baadaye boti iko baharini. Ujuzi huo ni wa kweli na umelisha nyumba nyingi. Kosa ni kuuhamishia kwenye kayaki hizi, ambazo ni poliethilini. Ndiyo plastiki ya madumu, ya ndoo nyingi, na ya matangi ya maji yaliyojaa juu ya mapaa ya Nairobi na Dar es Salaam. Tangi na kayaki hata huzaliwa kwa njia moja: unga wa plastiki hutiwa ndani ya kalibu ya chuma, kalibu inazungushwa ndani ya tanuri mpaka unga uyeyuke na kuvaa ukuta wote wa ndani, kisha inapozwa huku inaendelea kuzunguka. Kinachotoka ni chombo kitupu ndani, kisicho na kiungo hata kimoja.

Ili gundi ishike ni lazima kwanza itandae na kuulowesha uso wa kitu. Poliethilini ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni tu, na uso wake hauna cha kuivuta gundi. Epoksi ukiipaka hapo hujikusanya kama maji juu ya jani la yugwa. Ikikauka, imejishikiza kwenye mikwaruzo ya msasa na si kwenye plastiki. Ushahidi umo dukani. Tazama kichupa cha gundi kali ya matone, ile inayobandika vidole. Kwa kawaida kichupa hicho ni cha poliethilini, na mtengenezaji amekichagua kwa makusudi kwa sababu gundi haikishiki. Mtu ananunua gundi iliyokaa miezi ndani ya poliethilini bila kuibandika, halafu anakwenda kuipaka kwenye poliethilini akiwa na hakika kwamba itashika.

Kinachowadanganya ni kwamba kiraka hukaa. Kinakaa uani, kinakaa ukimwagia ndoo ya maji, kinaweza kukaa hata safari ya kwanza. Lakini poliethilini hupinda. Hupinda kwa kila wimbi na kwa kila mkanyago wa pedali, na epoksi ya kawaida ikishakauka ni ngumu, haipindi nayo. Ukingo wa kiraka unaanza kunyanyuka upande mmoja, chumvi na mchanga vinaingia chini yake, na ufa wenyewe unaendelea kutembea kwa sababu hakuna aliyezizuia ncha zake. Nimebandua viraka vya namna hiyo kwa kucha, bila kifaa chochote, nikakuta ufa umeshapita mwisho wa kiraka. Silikoni ni hivyo hivyo. Lami ya kuzibia paa ni hivyo hivyo, na zaidi ya hapo inamwachia fundi atakayekuja uchafu wa kukwangua nusu siku.

Wapo watakaonitajia epoksi maalumu, zile zinazotaka uso upitishiwe mwali wa moto kwanza. Hizo zina msingi. Mwali ukipita upesi hubadilisha ngozi ya juu ya plastiki, oksijeni inajishika pale, na gundi inapata pa kukamata. Kwa tundu la skrubu juu ya sitaha, mahali pasipobeba mzigo, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba kayaki hazipasuki mahali pasipobeba mzigo. Zinapasuka kwenye matundu ya kutolea maji, ambako watu huchomeka fito za kigari na kuikokota ikiwa imejaa vifaa. Zinapasuka kuzunguka tundu la mashine, ambako miguu inasukuma siku nzima. Na zinapasuka mkukuni, karibu na tezi, kwa kuburutwa kwenye saruji na mawe. Ufa huchagua mahali penye kazi nzito, na hapo gundi haina nafasi.

Ukali wangu una sababu. Kayaki za aina hii kwa kawaida zina uwazi mmoja ndani kutoka omo hadi tezi, bila ukuta wa kugawa. Maji yakiingia kwa ufa, aliyeketi juu hayaoni. Kayaki ikiinama kushoto, maji yote yanakimbilia kushoto na kuiinamisha zaidi. Lita 30 ni kilo 30 zinazotembea chini yako bila ruhusa yako. Mvuvi anapoanza kuhisi kwamba chombo kimekuwa kizito kugeuka, maji yamekwishaingia muda mrefu, na pengine pwani iko kilomita tatu nyuma na upepo umeanza kubadilika. Mtu anaponiambia kwamba ameziba kwa gundi na kesho anatoka na mwanawe, siwezi kumjibu kwa upole.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kayaki za zamani hawapendi kulisikia: kwenye bodi iliyochomwa na jua, ufa mmoja huashiria zaidi. Miale ya jua hukata ile minyororo mirefu ya plastiki vipande vipande. Mtengenezaji huchanganya dawa ya kuilinda, lakini dawa hiyo huliwa kidogo kidogo kila mwaka. Ndiyo maana matangi mengi ya maji ni meusi, kwa kuwa masizi yaliyochanganywa humo huzuia miale vizuri. Kayaki ya njano au ya machungwa haina kinga hiyo. Plastiki iliyokwisha kuliwa inakuwa kavu na inavunjika badala ya kupinda, na hata ukiichomelea vizuri itapasuka kando ya mchomeleo. Chukua kitambaa cheusi, sugua sitaha. Kikitoka na unga, jua limeshaingia. Fungua kifuniko, linganisha rangi ya ndani na ya nje. Tazama pembeni mwa skrubu na mishikio: ukiona mtandao wa nyufa nyembamba kama nywele, rudisha kitambaa mfukoni na uage kwa adabu.

Dawa ya ufa kwenye poliethilini iliyo hai ni joto. Yule fundi wa mtaani anayeziba madumu na mabeseni kwa kisu cha moto yuko karibu na ukweli kuliko duka lenye rafu nzima ya gundi za bei kubwa. Ncha mbili za ufa zinatobolewa kwa keekee ndogo, milimita tatu hivi, ili usiendelee. Ufa unakwanguliwa upanuke kwa juu, ngozi ya plastiki iliyozeeka inaondolewa yote, kisha unajazwa kwa ufito wa poliethilini ya aina ile ile, pande zote mbili zikiyeyuka pamoja. Plastiki hii huyeyuka kwenye nyuzi 120 hadi 130 za Selsiasi. Ikitoa moshi au ikibadilika rangi, umeiunguza na umeidhoofisha. Zipo kayaki za zamani za baadhi ya watengenezaji ambazo poliethilini yake ina minyororo iliyofungwa pamoja kwa kemikali na haiyeyuki tena, basi jaribu kwanza kwa kijipande kilichokwanguliwa mahali pasipoonekana. Kikielea majini na kikitoa harufu ya mshumaa kinapochomwa, ni poliethilini. Kikiyeyuka vizuri, kazi inawezekana. Ufa wa kwenye tundu la mashine mpelekee mtu mwenye vifaa, na ukiwa umezunguka zaidi ya nusu ya tundu, usinunue.

Haya, chaguo lenyewe. Mwenye pesa kidogo achukue toleo la kabla ya 2017, lenye bodi nzima iliyolala kivulini. Mashine ya zamani haina rivasi, utarudi nyuma kwa kasia, lakini ina vitu vichache vya kuharibika, na 180 unaweza kuitafuta baadaye. Anayevua juu ya matumbawe na maji mafupi atafute 2019 na kuendelea kwa ajili ya mapezi yanayojikunja. Akiwa na ya zamani, ajizoeze kusukuma pedali moja mbele kabisa ili mapezi yalale bapa chini ya bodi kila anapokaribia mwamba, kwa sababu fito zinazobeba mapezi hupindwa na jiwe moja tu. Mashine ya 360 ni ya anayevua kwenye mikoko na nguzo za gati, mwenye fundi karibu na mfuko wa vipuri. Anayepeleka pwani ya Afrika Mashariki anunue nyaya za akiba, mapezi ya akiba na kamba za usukani kabla kontena halijafungwa. Kayaki za propela, kama za Native Watercraft na Old Town, hurudi nyuma kwa kukanyaga kinyume na ni nzuri kwenye maji ya kina, ila propela hukamata mwani na haipendi maji mafupi. Na dhamana ya kiwandani usiihesabu kwenye bei ya mtumba. Kwa kawaida ni ya mnunuzi wa kwanza peke yake.

Kabla ya kulipa, mimina ndoo mbili za maji ndani ya bodi, inyanyue omo, kisha tezi, kisha ilaze kila ubavu, na pitisha mkono mkavu kwenye matundu yote na mkukuni. Chomoa mashine, tikisa fito za mapezi. Zikicheza sana, punguza bei ya vipuri hapo hapo. Vuta usukani pande zote mbili. Soma zile herufi nne za mwisho. Muuzaji akikataa maji yasiingie ndani, ondoka.

Na ukishaipakia, isifungwe kwa mkanda wa kukaza mpaka bodi ibonyee. Ndani ya kontena la Ghuba wakati wa kiangazi plastiki inalainika, na kilichobonyea kwa wiki tatu kinafika Mombasa kikiwa na umbo jipya. Ilaze kwa ubavu juu ya magodoro, mashine nje ya tundu lake, kifuniko wazi, na mzigo wowote usiwekwe juu yake.