Krismasi: Tusiwafiche Wanafunzi Chimbuko Lake

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama Krismasi ni sikukuu ya kipagani. Wenzake waliguna. Nami, nikichelea kumkwaza yeyote, nilimwamuru aketi. Tangu siku hiyo dhamiri yanisuta, kwani swali lile lilistahili jibu.

Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu. Warumi nao walikuwa na Saturnalia, sherehe iliyoanza Desemba 17, ambapo watu walipeana zawadi na mabwana kula pamoja na watumwa wao. Mwaka 274 Kaisari Aurelian alimjengea mungu jua hekalu mjini Roma. Kitabu cha kalenda cha mji huo cha mwaka 354 chaitaja Desemba 25 kuwa siku ya kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa", yaani jua, na pia kwa Kristo.

Je, nani alimwiga mwenziwe? Wataalamu wangali wanabishana. Wapo wasemao Kanisa liliitwaa siku ya wapagani. Wengine husema Wakristo walihesabu miezi tisa tangu Machi 25, siku waliyoamini mimba ya Yesu ilitungwa.

Hapa Kenya Desemba haina theluji, ilhali twapamba miti kwa pamba mfano wa theluji! Waama, desturi husafiri na kuvaa maana mpya. Kulijua hilo hakumpunguzii Mkristo imani, wala hakumpi mwingine kibali cha kumdhihaki.

Walimu wenzangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Aulizaye basi tusimnyamazishe, kama nilivyofanya mimi.