Kukaza Pete Hakuifanyi Springi Iwe Ngumu

Swali ni lile lile, sauti tu ndiyo inayobadilika. "Fundi, shokapu ya nyuma inagonga chini, niikaze raundi ngapi?" Wengine huja wakiwa wameshakaza pete inayobana springi mpaka nyuzi zimekwisha, na sasa wanataka mtu wa kuwachongea pete ndefu zaidi. Raundi sifuri, ndugu yangu. Pete ile haiifanyi springi iwe ngumu. Ugumu unatokana na unene wa waya, upana wa koili na idadi ya mizunguko, na spana yako haifiki kwenye kimojawapo cha hivyo.

Naona watu hawaniamini, basi tupige hesabu. Chukua springi inayotaka kilo 5 ili ibonyee milimita 1, ugumu wa kawaida kwa shokapu moja ya nyuma ya pikipiki ya motokrosi. Imefungwa ikiwa imeshabanwa na pete milimita 10. Panda, na tuseme springi inabeba kilo 225. Lazima ibonyee milimita 45 kwa jumla: 10 ni za pete, 35 ni za shokapu kuzama. Sasa kaza pete milimita 5 zaidi. Jumla inabaki 45, ila 15 ni za pete na 30 za shokapu. Kila milimita inayofuata bado inataka kilo 5, kama jana. Ulichofanya ni kuinua tako la pikipiki.

"Lakini nilipokaza, iliacha kugonga." Najua. Kama shokapu ina nafasi ya milimita 110, kabla hujakaza ilihitaji kilo 600 kufika mwisho. Sasa inahitaji 625. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 4 hivi, na kama ilikuwa inagonga kwa mbali utaona umepona. Hebu tazama ulicholipa. Gurudumu la nyuma halina tena nafasi ya kutosha ya kushuka shimoni, kwa sababu nafasi hiyo hupatikana pikipiki inapozama kwa uzito wako. Kwenye barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati, tairi linapita juu ya migongo tu bila kushika ardhi. Nyuma imepanda, uzito umeangukia mbele, na ukiingia kwenye mchanga usukani unaanza kutikisika. Halafu mtu huyo huyo ananiambia pikipiki yake ina "tatizo la usukani".

Na wale wanaotumbukiza sarafu, washa au vipande vya bomba juu ya springi za shokapu za mbele, msijitoe. Ni pete ile ile, imebadilisha mahali tu. Rangi ya springi nayo haibebi kitu: njano ni desturi ya Öhlins, nyeupe ni ya WP. Nimeombwa "springi nyekundu, ile ngumu" kama vile tunachagua kitambaa.

Kazi halali ya pete ni kuweka kimo. Pikipiki ya motokrosi yenye nafasi ya milimita 300 nyuma izame takriban 100 ukiwa umeipanda na mavazi yako yote. Yenye nafasi ya 180 izame kati ya 55 na 60, yaani karibu theluthi. Tafuta mtu akushikie futikamba. Ukishapata kimo, shuka, uiache ile ya motokrosi isimame yenyewe: inatakiwa izame milimita 30 hadi 40. Kama inazama 10 tu, springi yako ni laini mno. Rudia kusoma: laini, si ngumu. Umeikandamiza sana kwa pete ili ikubebe, kwa hiyo bila wewe inasukuma pikipiki yote juu. Ikizama 50 na zaidi, springi ni ngumu mno kwa uzito wako. Kipimo hiki hakina gharama, na karibu kila anayeniuliza habari za raundi hajawahi kukifanya.

Haya, la kununua. Anza na springi za uzito wako, mbele na nyuma. Ni nafuu kuliko shokapu nzima na mara nyingi zinatosha. Shokapu za mbele za aina ya zamani, ambazo mafuta hupita kwenye matundu tu, zinaweza kuongezewa valvu kama zile za Race Tech. Ukitaka shokapu nzima ya nyuma, YSS ya Thailand ni nafuu kuliko Öhlins, lakini yoyote utakayochagua agiza kwa uzito wako. Usichukue iliyotoka kwenye pikipiki nyingine kwa kuwa tu matundu ya boliti yanalingana: tofauti ya milimita 10 ya urefu inaweza kufika 25 au 30 kwenye gurudumu. Mafuta ya mbele ni yale ya kitabu, kwa kawaida 5W au 10W, si oili ya injini namba 40. Skrubu za kurekebisha zianzie alama za kiwandani, ugeuze mibofyo miwili kila mara, skrubu moja tu, kisha urudie kipande kile kile cha njia. Nyuma ikirusha kama mbuzi, punguza kasi ya kurudi. Ikizidi kuzama kadiri mashimo yanavyofuatana, iongeze. Na ukitoka Mombasa kupanda Nairobi, toa hewa kwenye shokapu za mbele, magurudumu yakiwa hayagusi ardhi.

Shafti ikiwa inavuja mafuta, hakuna hata kimoja cha hivi kitakachosaidia. Peleka ikafunguliwe kwanza.

Kwa hiyo anayetaka kuniuliza tena anitumie namba tatu: uzito wake akiwa amevaa, pikipiki inazama kiasi gani akiwa juu, na inazama kiasi gani ikiwa peke yake. Idadi ya raundi abaki nayo.